Hospitali Iliyofuata Reli

Mazungumzo na wanafunzi wa klabu za afya za shule za sekondari

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya afya, na mwalimu wenu akaniambia mapema, "Mzee, tafadhali usije na zile hotuba za kuwalaza watoto usingizi." Basi hotuba nimeiacha nyumbani. Nitawasimulia habari ya hospitali. Hospitali yenyewe haikuwa na ukuta wala haikukaa mahali pamoja. Ilikuwa hema. Na usiku mmoja wa mwaka wa 1898 simba aliingia ndani yake.

Mimi ni mzee wa reli. Sikuendesha gari la moshi, wala sikuwa fundi wa karakana. Nilifanya kazi katika zahanati ya wafanyakazi wa reli, kwanza nikiwa karani wa kuandika wagonjwa, baadaye nikafundishwa kusafisha na kufunga vidonda. Kwa hiyo habari hii ni yangu pia, na iko sehemu yake moja ambayo sikuipenda kuisimulia kwa miaka mingi. Tutaifikia.

Usiku ule Tsavo

Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka wa 1896, ikafika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Mwaka wa 1898 mafundi walikuwa Tsavo, wakijenga daraja chini ya mhandisi mmoja Mwingereza, John Henry Patterson. Hapo ndipo simba wawili walipoanza kuwachukua watu usiku.

Kambi ya hospitali ilizungushiwa boma la miba. Usiku huo msaidizi wa tiba alisikia kishindo nje ya hema lake. Akafungua achungulie, akakutana uso kwa uso na simba! Aliruka nyuma akaangusha sanduku la chupa za dawa. Chupa zikavunjika kwa kelele, na simba akageukia upande mwingine. Jamani, hizo ni dawa zilizookoa maisha hata kabla ya kunywewa! Lakini simba hakwenda zake. Alirukia hema jingine walimolala wagonjwa wanane. Wawili akawajeruhi vibaya, na wa tatu akamburuta kupitia ile miba mpaka gizani.

Hebu jiweke mahali pa wagonjwa hao. Una homa, miguu haina nguvu, umekuja hospitali upone. Ukimbilie wapi?

Asubuhi yake hospitali ikahamishwa karibu na kambi kubwa, na boma likaongezwa unene. Patterson akakesha na bunduki pale ilipokuwa hospitali ya zamani, akidhani simba atarudi palepale. Simba akaenda kwenye hospitali mpya, akamchukua mchota maji. Ikabidi hospitali ihamishwe tena.

Mwishowe mamia ya wafanyakazi walisimamisha treni, wakapanda na mizigo yao, wakarudi pwani. Kazi ya daraja ikasimama kwa muda wa majuma kama matatu. Wako watu wanaosimulia jambo hilo huku wakicheka, eti wale walikuwa waoga. Mimi siwacheki. Ikiwa hata hospitali si salama, mfanyakazi akiugua aende kwa nani?

Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba 1898, wa pili tarehe 29 ya mwezi uleule. Mpaka leo ngozi na mafuvu yao yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Field Museum mjini Chicago, Marekani.

Muuaji mkubwa hakuwa simba

Sasa tufanye hesabu kidogo. Patterson alikuja kuandika kwamba simba wale waliua watu 135. Wanasayansi waliopima mifupa na nywele za simba hao walitoa makadirio yao mwaka wa 2009: watu kama 35. Hata mmoja ni wengi. Lakini sikilizeni hesabu hii nyingine.

Kwa ajili ya reli ile waliletwa kutoka India wafanyakazi 31,983. Kati yao 2,493 walikufa, na 6,454 walirudishwa kwao kwa sababu ya maradhi au ulemavu. Maana yake, karibu mtu mmoja katika kila kumi na watatu alikufa, na mmoja katika kila watano alirudi nyumbani hajiwezi.

Simba ameandikiwa vitabu na kutengenezewa filamu. Lakini nani ametengeneza filamu ya kuhara damu? Waliouawa na malaria, kuhara, kichomi, vidonda vilivyooza na ajali za kazini walikuwa wengi mno kuliko walioliwa. Kwenye nyika ya Taru maji yaliletwa kwa treni, na mtu mwenye kiu hachagui maji. Kwenye nyanda za juu watu waliozoea joto walikutana na baridi kali. Na funza, huyu mdudu mdogo anayeingia chini ya ukucha, aliwafanya wanaume wenye nguvu washindwe kutembea.

Na malaria je? Hapa pana jambo la kustaajabisha. Reli ilipoanza kujengwa, hakuna daktari hata mmoja duniani aliyekuwa na hakika malaria inaambukizwa vipi. Jina lenyewe ni la Kitaliano na maana yake ni hewa mbaya, kwa kuwa watu waliamini homa hiyo inatokana na hewa ya mabwawa. Ilikuwa tarehe 20 Agosti 1897, kule Secunderabad, India, ndipo daktari Ronald Ross alipoona vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Wakati huo reli yetu ilikuwa imekwisha kujengwa mwaka mzima na zaidi.

Dawa ya kwinini ilikuwapo, tena ilijulikana tangu zamani. Lakini tazameni jinsi tuta la reli linavyojengwa: udongo unachimbwa pembeni, mashimo yanabaki, mvua inanyesha, mashimo yanajaa maji, mbu wanataga. Watu walikuwa wakijenga reli kwa mkono mmoja na kufuga mbu kwa mkono wa pili, bila kujua.

Kutoka hema hadi mji

Hospitali za mahema zilihama kila ncha ya reli iliposogea mbele. Tarehe 30 Mei 1899 reli ilifika Nairobi. Wakati huo Nairobi ilikuwa uwanda wenye kinamasi, pakajengwa haraka haraka karakana, nyumba za wafanyakazi na soko la maduka ya mabati na mbao yaliyosongamana. Mitaro ya maji machafu haikutosha.

Mwaka wa 1902 ukaingia ugonjwa wa tauni, ule unaoenezwa na viroboto wa panya. Mmoja wa waliougundua ni Rosendo Ribeiro, daktari Mgoa aliyefika Nairobi mwaka wa 1900. Huyu alikuwa na mambo yake: alikuwa akiwatembelea wagonjwa amepanda punda milia! Wakuu wa afya wakaamuru soko lote lichomwe moto. Fikirini mwenye duka anayetazama mali yake ikiteketea. Mji uliojengwa bila mitaro na bila jaa la takataka ulikuja kulipa gharama yake kwa moto.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1901, ilifunguliwa Nairobi hospitali ya wenyeji yenye vitanda 40. Hiyo haikuwa ya reli, lakini ilikuwa mjini humo humo mlioletwa na reli. Ndiyo iliyokua na kubadilishwa jina mpaka ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Kwa hiyo usidharau mwanzo mdogo.

Senti hamsini kwa mwezi

Sasa tuvuke bahari kidogo. Kule Marekani, kampuni ya reli ya Central Pacific iliunganisha njia yake na reli iliyotoka mashariki tarehe 10 Mei 1869. Wakati huohuo ikaanzisha hospitali ya wafanyakazi wake mjini Sacramento, California. Fedha zilitoka wapi? Kila mfanyakazi aliyehusika alikatwa senti 50 za dola kwa mwezi katika mshahara wake. Mzima alilipa, mgonjwa akatibiwa. Kesho mzima naye akiumia, anakuta kitanda kinamngoja.

Si mnaona? Hiyo ni bima ya afya. Babu zetu wangeiita harambee au chama cha kuzikana, tofauti ni kwamba hapa mnachangiana kabla mtu hajafa! Mpango huo ukaigwa na kampuni nyingine nyingi za reli. Baadaye kampuni hiyo iliingia ndani ya Southern Pacific, na hospitali kuu ikawa San Francisco. Miaka ya 1970 hospitali hiyo ilifungwa, na jengo lake likageuzwa kuwa makazi ya wazee.

Reli pia ndiyo iliyotupa kitu ambacho pengine kiko ofisini kwa mwalimu mkuu wenu. Namaanisha sanduku la huduma ya kwanza. Wafanyakazi wa reli walikuwa wakiumia mbali na hospitali. Vidole vilisagwa wakiunganisha mabehewa, miguu ilikanyagwa na magurudumu. Mwaka wa 1888 kampuni ya Johnson & Johnson, baada ya mwenyewe kuzungumza na daktari mkuu wa kampuni moja ya reli, ilianza kuuza masanduku yenye bendeji na dawa za vidonda kwa ajili ya wafanyakazi hao. Nendeni mkalifungue sanduku la shule yenu. Mkilikuta lina kalamu mbovu na chaki, ninyi wanaklabu mna kazi ya kufanya.

Ambao hawakuandikwa

Nimewapa hesabu nyingi. Lakini makini: ile hesabu ya 2,493 ni ya wafanyakazi wa kutoka India peke yao. Waafrika waliofyeka msitu, waliobeba maji na mizigo, waliochimba udongo, wao walikufa wangapi? Hesabu kamili haikuwekwa. Patterson mwenyewe, alipoandika juu ya walioliwa na simba, aliwataja Waafrika kwa jumla tu, bila idadi kamili. Na kule Marekani maelfu ya Wachina walipasua milima kwa ajili ya Central Pacific, lakini kampuni haikuweka daftari la vifo vyao. Mpaka leo wanahistoria wanakisia tu.

Mnaweza kuniuliza, "Sasa mzee, daftari linahusu nini afya?" Hapa ndipo pale mahali nilipowaambia kwamba tutafika.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Zahanati yetu ilikuwa kwenye kituo kidogo, sitakitaja. Jumamosi moja jioni alikuja kijana mmoja, kibarua wa kutengeneza njia, umri wake kama wangu. Mtaimbo ulikuwa umemwangukia mguuni. Kidonda kilikuwa na udongo na kutu. Nikafungua daftari la wafanyakazi, nikatafuta jina lake. Halimo. Vibarua wa kutwa walikuwa hawaandikwi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, hapa ni kwa wafanyakazi walioandikwa. Nenda hospitali ya serikali mjini." Mjini ni kilomita arobaini. Hakuwa na nauli, nami nilijua hakuwa nayo. Hakubishana. Alisema tu, "Haya kaka, asante," akaondoka akichechemea.

Siku ya nne wenzake walimleta juu ya baiskeli. Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, na harufu yake sitaisahau. Akapelekwa mjini kwa treni ya mizigo. Huko wakamkata mguu chini ya goti.

Muuguzi wetu, mama mmoja mtu mzima, hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Jumamosi ulimwandika jina?" Sikumwandika. Akasema, "Basi kwa daftari letu, kijana huyu hakuja hapa." Vijana, maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenipiga kofi. Sabuni ilikuwapo, maji yalikuwapo, bendeji zilikuwapo. Kilichokosekana ni mstari mmoja wa wino, na huruma ya karani. Karani mwenyewe ndimi.

Mwezi ule nilinunua daftari la shule kwa fedha yangu, nikaanza kumwandika kila aliyekuja, ana kadi au hana. Mwisho wa mwaka yule mama alilipeleka kwa wakubwa. Walipoona idadi ya vibarua waliokuja, walikubali vibarua watibiwe majeraha ya kazini. Si kwamba wakubwa walikuwa na roho mbaya hapo kwanza. Walikuwa hawajui, kwa kuwa hakuna aliyewaandikia.

Yule kijana niliwahi kumwona tena sokoni, akishona viatu. Nilimwomba radhi. Alinitazama kwa muda, akasema, "Yalishapita, kaka." Yeye yalimpita. Mimi bado.

Reli nyingine, dawa nyingine

Msidhani habari za reli zimeishia Kisumu. Kati ya mwaka wa 1970 na 1975 ilijengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi bega kwa bega, na Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha. Makaburi ya wengi wao yako nje kidogo ya Dar es Salaam, yana majina na yanatunzwa. Tofauti na Tsavo, sivyo?

Na miaka hiyohiyo, kule China, mwanasayansi mwanamke aitwaye Tu Youyou alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika majani ya kienyeji. Mwaka wa 1972 yeye na wenzake walifaulu kuipata ile iitwayo artemisinini. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Hiyo ndiyo iliyomo katika dawa mseto mnayopewa zahanati leo. Na tangu mwaka wa 2019 watoto wadogo katika sehemu za Kenya zenye malaria nyingi wameanza kupewa chanjo yake. Wagonjwa wa lile hema la Tsavo wangesikia haya wangedhani ni hadithi.

Tena siku hizi treni yenyewe imegeuka hospitali. India ilianzisha treni ya hospitali, Lifeline Express, mwaka wa 1991, inayofanya upasuaji wa macho na midomo iliyopasuka vijijini. Afrika Kusini ikafuata mwaka wa 1994 na treni ya Phelophepa, yenye madaktari wa macho, meno na magonjwa mengine. Hazimwulizi mgonjwa kama ni mfanyakazi wa reli.

Na wewe je?

Usiseme, "Hayo ni ya zamani, mimi si mtu wa reli." Kila mmoja wenu ana hema lake la kulinda. Nawaachia mambo manne.

Kwanza, kidonda ni kidonda hata kiwe kidogo. Kioshe mara moja kwa maji safi na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi, na kama kimeingia udongo au kutu nenda zahanati ukaulize juu ya sindano ya pepopunda. Usipake kinyesi cha ng'ombe, usipake mafuta ya breki. Ndiyo, nimeyaona hayo yote!

Pili, ukipata homa kapime siku hiyohiyo. Usinywe vidonge alivyobakiza dada yako. Ukipewa dawa mseto, imalize hata kama siku ya pili unajisikia mzima. Lala ndani ya chandarua. Na yale mashimo na makopo nyuma ya bweni, ninyi mnayajua, yafukieni.

Tatu, usifiche ugonjwa kwa aibu. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Iwe ni funza, iwe ni ugonjwa wa zinaa, iwe ni mawazo yanayokunyima usingizi, mwambie mtu mzima unayemwamini.

Nne, na hili ndilo lililonileta: mwandike mwenzako. Klabu yenu iwe na daftari la wagonjwa wa shule. Nani aliugua, lini, alipelekwa wapi, alirudi lini. Msimwache nje mpishi, mlinzi wala kijana anayekata majani. Mkiona katika daftari kwamba wanafunzi kumi wa bweni moja wamehara juma moja, mtajua tatizo ni maji, na mtakuwa na karatasi ya kumwonyesha mwalimu mkuu. Bila karatasi mtaambiwa mnalalamika tu.

Siku moja mmoja wenu atakaa kwenye kiti kile nilichokaa mimi, cha karani, cha muuguzi, cha daktari, hata cha waziri. Atakuja mtu ambaye jina lake halimo. Utafungua daftari, utatafuta, hutaliona. Chukua kalamu, uliandike, kisha umwoshe kidonda. Maswali mengine yatafuata.



Maswali ya kujadili katika klabu

1. Kwa nini watu wanawakumbuka simba wa Tsavo kuliko malaria iliyoua wengi zaidi? Shuleni kwenu, hatari gani inaogopwa sana, na ipi inaumiza wengi kimya kimya?

2. Senti 50 kwa mwezi zilimsaidiaje mfanyakazi ambaye hakuugua? Je, familia yenu ina bima ya afya? Ulizeni nyumbani.

3. Kama wewe ungekuwa karani siku ile ya Jumamosi, na sheria inasema asiyeandikwa asitibiwe, ungefanya nini?

4. Fungueni sanduku la huduma ya kwanza la shule. Andikeni kilichomo na kisichokuwemo, kisha mpelekeeni mwalimu mkuu orodha hiyo.